Kodi ya gitaa kwa SMS

Kodi ninayoizungumzia leo si ya nyumba, ni ya gitaa. Jumamosi huwa nafundisha vijana wanaoanza, na wengi hukata tamaa kwenye mchoro kabla hata vidole havijaanza kuuma.

Mimi huanza hivi: egemeza gitaa ukutani, nyuzi zikutazame. Nyuzi 6 ndiyo mistari ya wima, uzi mnene uko kushoto. Mistari iliyolala ni freti. Nukta ni pa kubonyeza. X juu ya uzi: usiupige. Duara: upige bila kubonyeza. Namba iliyo ndani ya nukta ni ya kidole, si ya freti. Hapo ndipo wengi hupotea.

Wakishaelewa, mchoro wa C naufupisha: x32010. Alama 6, moja kwa kila uzi kuanzia ule mnene. Hapa sasa namba ni freti. Sisi waandishi wa programu tunaona orodha tu, lakini orodha hii inaingia kwenye SMS! Mwanafunzi asiye na kitabu wala bando hanisubiri mpaka Jumamosi ijayo. Anasoma, anabonyeza, anaendelea.

Haya, jaribuni: 022000. Hiyo ni E maina.