Kibondo: Nani Atashika Daftari?

Msafiri atokaye Nyakanazi kuelekea kusini huingia katika nchi ya Waha bila kuambiwa. Ardhi huinuka polepole, miombo hufunga njia pande zote mbili, na kando ya barabara huonekana madumu ya asali yakimsubiri mnunuzi. Akishaipita Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo hadi ilipofanywa wilaya kamili mwaka 2012, hachukui muda mrefu kabla ya kuufikia mji wenyewe. Kibondo si mji wa kujivuna. Una soko lake la maharage, hospitali yake, ofisi zake za Halmashauri, na usiku una baridi ya kumfanya mtu wa pwani aulize blanketi la pili.

Shabaha ya safari yangu ilikuwa kuonana na vijana wa wilaya hii wanaosomea kompyuta na mifumo ya taarifa katika vyuo vidogo vya Serikali. Nilipomweleza jambo hilo mzee mmoja sokoni, alicheka, kisha akaniuliza: "Kwani maharage nayo yanataka kompyuta?" Nilidhani anafanya mzaha. Nimekuja kuona baadaye kwamba swali lake ndilo lililokuwa kiini cha safari yote.

Wenyeji wa nchi hii wanaijua orodha kuliko watu wengi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu hizi na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Wakafuata mawakala wa mashamba ya mkonge, wakawachukua vijana hadi Tanga na kwingineko. Huko kila mmoja alipewa namba yake, na ndipo tulipolipata neno manamba. Mtu mzima, mwenye ukoo na jina, akaitwa kwa tarakimu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za kwanza za kuanzisha vijiji nchini, na kaya zikaandikwa upya. Orodha hiyo ilisogeza watu karibu na shule na zahanati, ingawa wapo waliohama shingo upande, na si haki kulificha jambo hilo. Mwaka huo huo walianza kumiminika wakimbizi kutoka Burundi. Wengine wakaja mwaka 1993, na mwaka 2015 kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Kila walipokuja zilikuja meza, kadi na majina.

Hivyo kwa karibu miaka mia moja watu wa hapa wameandikwa na kuhesabiwa, lakini kalamu mara nyingi ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Binti niliyekutana naye yu katika mwaka wa pili wa masomo. Alikuwa nyumbani kwa likizo, akimsaidia mama yake kupepeta maharage uani. Chuo chake kiko nje ya wilaya, nacho ni kidogo: majengo machache na chumba kimoja cha mashine. Njia aliyoipita ni ya kawaida kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kung'ara. Ufaulu wa masomo manne humfungulia mlango wa ngazi ya 4, yaani astashahada ya awali. Mwaka unaofuata huingia ngazi ya 5, na wa tatu ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Hujifunza hesabu, kuandika programu, kuunganisha mitandao, kupanga kanzidata, na kuchunguza jinsi ofisi inavyofanya kazi kabla ya kuiundia mfumo.

"Mashine moja tunakaa watatu," aliniambia. "Mmoja anabonyeza, wawili tunaangalia. Kwa hiyo programu naiandika kwanza kwenye daftari la mistari, ili zamu yangu ikifika nisipoteze muda."

Wapo watakaoona kuwa huko ni kurudi nyuma. Mimi sikuona hivyo. Nilifungua daftari hilo nikakuta kurasa zilizofutwa na kuandikwa tena, mishale ikitoka hapa kwenda kule. Aliyelazimika kufikiri kabla ya kubonyeza amejifunza jambo. Hata hivyo hiyo isiwe sababu ya kuwaacha vijana watatu juu ya kiti kimoja. Fundi cherehani hafunzwi kwa kutazama mwenzake akishona.

Mama mtu alisikiliza, ungo ukiwa mapajani.

"Mwanangu, nimeuza magunia sita kwa ajili ya ada hii," alisema. "Niambie mbele ya mgeni, utakuja kufanya kazi gani?"

"Mama, nitatunza taarifa."

"Taarifa za nani?"

Binti hakujibu mara moja. Baadaye alijaribu kumweleza maana ya kanzidata, na nilifurahi kuona kwamba neno lenyewe lilimsaidia, maana kanzi katika Kiswahili cha zamani ni hazina. Chuoni masomo yote ni kwa Kiingereza. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha mwaka 2004, kilipotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, kwamba mashine inaweza kuzungumza Kiswahili.

Jibu la swali la mama huyo nililiona kesho yake katika zahanati ya kijiji. Mezani pa muuguzi palikuwa na vitabu vikubwa vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza katika miaka ya 1990. Huo ni mfumo wa taarifa kamili, ingawa hauna waya hata mmoja. Mtoto akipimwa, huandikwa mstari mmoja. Mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa, jumla hupelekwa wilayani na kuingizwa katika kompyuta, katika mfumo wa DHIS2 uliokwisha kuenea nchi nzima mwaka 2013. Hesabu kama hizo ndizo zinazosaidia kukadiria dawa. Basi akiandikwa mara mbili mtoto aliyepoteza kadi, au ukirukwa ukurasa siku ya foleni ndefu, kosa hilo laweza kurudi kijijini likiwa na sura ya rafu tupu. Binti yule alikuwa amekaa hapo siku nne za likizo akijumlisha upya, na muuguzi hakuficha furaha yake. Nilipomuuliza kama mashine ingemfaa, alijibu: "Itanifaa, Ndugu mwandishi, kama itakuja na mtu wa kuitengeneza."

Taifa letu na kompyuta tumekuwa na mwendo wa kusitasita. Mashine ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na milango ikaja kulegezwa katika miaka ya 1980. Katika nyanda hizi zilifika kwa kuchelewa zaidi. Vyuo vya ualimu vya Serikali, na Kasulu kinacho kimoja, vilianza kupewa kompyuta kuanzia mwaka 2005 kwa msaada wa Sweden. Umeme nao ulikuwa wa jenereta za dizeli, hadi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozizima Kasulu na gridi ya Taifa ikashika zamu. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imejengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Kwa hiyo waya umefika na njia imefika. Kinachonitia wasiwasi ni kazi. Mhitimu wa fani hii mara nyingi huishia katika duka la kutoa nakala, akichapa barua za maombi ya kazi za wenzake. Halmashauri hukusanya ushuru kwa mashine za mkononi, na shule na zahanati hutoa hesabu za fedha kwa mfumo wa FFARS. Lakini mashine ikigoma, mara ngapi husubiriwa mtu kutoka mbali wakati kijana wa kijiji hicho hicho amekaa kibarazani na cheti chake?

Binti huyo anatakiwa aandike mradi wa mwisho wa masomo. Wenzake wengi wamechagua mfumo wa hospitali kubwa. Yeye amekichagua kikundi cha wafuga nyuki ambacho mjomba wake ni mwanachama. Kila msimu hugombana: ndoo ya nani ilikuwa na kilo ngapi, nani amelipwa na nani bado. Amekwisha kuchora jedwali lake, na kila mwanachama ameandikwa kwa jina na ukoo, namba ikifuata nyuma. Wazee walimsikiliza jioni nzima, kisha wakatoa masharti mawili. Daftari la karatasi lisitupwe, na neno la siri la kufungulia kompyuta walijue watu wawili wa kikundi, si yeye peke yake. Ameyakubali yote mawili, na mmoja wa hao wawili, kwa kauli ya wazee wenyewe, atakuwa mama yake.