Mto na Moto

Jina la Moroni, mji mkuu wa Visiwa vya Komoro, lina fasiri mbili. Wapo wanaolisoma kuwa ni "mtoni", na wapo wanaolisoma kuwa ni "motoni". Msikizi wa Kiswahili hashangai, kwani hata katika lugha yake, iliyo ndugu ya Kingazija, baina ya mto na moto ipo irabu moja tu. La kushangaza limo ardhini. Moto upo: mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, umesimama nyuma ya mji, nao ni volkeno iliyo hai. Mto ndio usiokuwapo. Kisiwa kizima cha Ngazija hakina hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima.

Huko Unguja, mlima huu haukuwa mgeni masikioni. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina babu au bibi aliyetoka Ngazija. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi aliyetajika wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra, pwani ya kisiwa hicho, mwaka 1861. Hivyo msafiri wa Unguja anayekwenda kuupanda Karthala huwa ameshausikia utotoni, pamoja na kisa chake: kwamba jini mmoja aliangusha johari, johari ikawaka duara kubwa la moto, na katika moto huo ndimo kisiwa kilimozaliwa.

Njia moja mashuhuri huanzia Mvuni, kijiji kilicho juu ya Moroni. Aghalabu safari huwa ya siku mbili, na jambo la kwanza analolitazama kiongozi si viatu vya mgeni wala fimbo yake. Hutazama maji. Huzihesabu chupa, huzipima kwa mkono, kisha huuliza kama hizo ndizo zote. Mgeni aliyezoea milima yenye vijito hudhani anatishwa bure, kwa kuwa mbele yake pana kijani kitupu, na nyuma yake pana bahari isiyo na mwisho.

Mwanzo wa njia ni wa raha. Migomba na minazi hutoa kivuli, na harufu ya mlangilangi huja na kupotea kwa kadiri ya upepo. Kisha huja msitu, wenye makangaga marefu kama miti na kuvu zilizoning'inia matawini. Humo huishi bundi mdogo asiyepatikana popote duniani ila katika mlima huo. Msitu huo zamani uliteremka chini zaidi kuliko leo. Shoka na jembe vimeusukuma juu, na kila unaposogea ndivyo unavyopungua uwezo wa mlima wa kuyashika mawingu na kuutunza unyevu wake.

Juu ya msitu miti hukoma ghafla. Hubaki vichaka vya matawi makakamavu, majani yake madogo mfano wa sindano, na chini yake mawe meusi mepesi yenye matundu kama mkate wa kumimina. Katika matundu hayo ndimo siri yote ya kisiwa ilimo. Mvua hunyesha Ngazija, tena hunyesha sana. Lakini jiwe hili halijui kushika. Maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika chujio, hushuka gizani, na mengi huishia baharini bila ya kuonwa na mtu. Huo ndio mto wa Moroni, kama upo: mto upitao chini ya nyayo za wenye kiu.

Wapandaji hulala karibu na kilele na kuamka kungali giza, kwani jua likishapanda mawingu nayo hupanda, na mlima hujifunika. Alfajiri, ukingoni mwa shimo kuu la volkeno, lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, mwangaza huanza kwa mstari mwembamba upande wa mashariki. Kisha bahari hutokea. Haitokei upande mmoja, kama ionekanavyo kutoka barazani au ufukweni. Hutokea pande zote, na kisiwa huonekana kidogo katikati yake. Kukiwa na hewa safi, Mwali huonekana kusini, na mbali zaidi Nzwani, kama jahazi mbili zilizotia nanga.

Hapo ndipo mpandaji huelewa kwamba ufuko si mwisho wa mlima. Mlima unaendelea kushuka chini ya maji, kwa mteremko ule ule na kwa jiwe lile lile. Katika mapango yake ya chini, kwenye kina cha mita zipatazo 200, hujificha mchana yule samaki ambaye Wangazija humwita gombesa. Wataalamu walimdhani ametoweka tangu zama za kale, hata mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, na wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa visiwa hivi hawakushangaa. Wao walikuwa wakimjua siku zote.

Msafiri aliye kileleni huwa na mazingira yote ya shairi: bahari, alfajiri, visiwa, kimya. Naye hutaka kutulia hapo. Lakini koo humkumbusha. Chupa imebaki robo, na maji yote yale ya chini yake hayawezi kumjazia hata kikombe. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Juu ya Karthala methali hugeuka: bahari nzima hupungua thamani, na kifuu cha maji matamu ndicho kinachokuwa bahari.

Wanaoishi chini ya mlima hawakuhitaji kuupanda ili kulijua hilo. Vijiji vingi vya Ngazija huishi kwa mabirika ya kukingia mvua itokayo mapaani. Mlima ukiamka, birika ndiyo hudhurika upesi. Mwaka 1977 lava iliteremka upande wa kusini-magharibi ikakivamia kijiji cha Singani. Hiyo ilikuwa hasara iliyoonekana kwa macho. Mwaka 2005 ilikuja hasara ya namna nyingine. Mwezi wa Aprili, na tena Novemba, Karthala ulitoa majivu. Ziwa dogo lililokuwa ndani ya shimo lake likatoweka, na lava ikashika mahali pake. Majivu yakashuka juu ya mapaa, yakaingia katika mabirika, na watu wakabaki na maji wasiyoweza kuyanywa. Ikabidi maji yapelekwe vijijini kwa magari, katika kisiwa ambacho kila mlango wake huisikia bahari.

Hata mvua yenyewe haikuwa mwamana kamili. Aprili 2012 ilinyesha kwa wingi uliopita kiasi. Mafuriko yalivikumba visima na mitambo ya Vuvuni inayopeleka maji Moroni, na mji uliokuwa umezama ukakosa maji ya kunywa. Ule mto uliokosekana kwa karne ulikuja kwa siku chache, na ulipokuja ukaondoka na kile kidogo kilichokuwapo.

Anayeshuka kutoka kileleni hufika tena Mvuni akiwa na vumbi jeusi nyusini na chupa tupu mfukoni. Mara nyingi hukaribishwa kibarazani, na maji huletwa kabla ya maneno. Asubuhi alipopita hapo angeyanywa, akashukuru kwa desturi na kuendelea na safari. Sasa huyatazama kwanza. Huliona paa yalikotiririkia, huiona birika ilimokingwa mvua ya miezi iliyopita, huuona na mlima ulio juu ya vyote viwili. Kisha hunywa polepole, na hakibakishi kitu ndani ya kikombe.