Tulalie Mkeka Kabla ya Sanda



Mfungo mosi uliopita sisi watatu wa cherehani tulipokea magauni manane ya harusi, bila kuhesabu sare za mashangazi. Tulishona mpaka saa nane za usiku. Wiki ya pili mwenzetu mmoja akasinzia huku anashona, sindano ikapita kwenye ukucha. Damu ikadondokea kitambaa cheupe cha biharusi. Tulikata kipande kingine usiku huo huo, tukaendelea!

Jirani yetu anayefanya kazi hoteli ya watalii kule Paje ndiye aliyetuonyesha shavasana, mkao wanaomalizia nao yoga. Neno ni la Kisanskriti, maana yake mkao wa maiti. Tuliguna. Tena tuliogopa, isiwe tunaingia ibada ya watu. Tukauliza na kusoma. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye maombi ya Kihindu, lakini halikukataza ile ya mazoezi ya mwili tu. Sisi tumechukua kule kulala. Tukitaka kutamka kitu, tunaleta istighfari.

Baada ya Adhuhuri tunafunga mlango, tunatandika mkeka, tunavua mitandio. Tunalala chali, miguu imeachana kidogo, mikono mbali na mbavu, viganja juu. Kanga moja iliyokunjwa chini ya kichwa, nyingine chini ya magoti kwa mwenye kiuno kinachouma. Tunalegeza vidole vya miguu kwanza, halafu mapaja, tumbo, mabega, taya. Taya ndiyo ngumu kwetu, maana mchana kutwa tumebana pini midomoni. Dakika 10 zinatosha. Kuinuka tunageukia kwanza ubavu wa kulia, ule ule tuliofunzwa kulalia tangu utotoni, kisha tunakaa taratibu. Mjamzito mwenye tumbo kubwa asilale chali, alale ubavu.

Siku ya kwanza mmoja wetu alicheka, mwingine akalia. Sote tumeshaosha maiti mtaani, tunajua mwili usio na kazi tena unavyolala. Tukaulizana, mpaka lini tungoje sanda ndiyo tunyooshe mgongo? Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mwili nao una haki yake.

Siku hizi biharusi akija kujaribu gauni, macho mekundu, na gauni tulilompima mwezi jana linampwaya, hatuanzi na pini. Tunamtandikia mkeka. Mmoja alipitiwa na usingizi mpaka karibu na Alasiri. Mama yake akapiga simu mara tatu, singo inamngoja. Tukamwambia, mama, mwache mwanao, hajalala siku nne.

Mwali unayetusoma, hina na piko vina siku yake. Leo funga mlango, ulale dakika 10. Allah akupe ndoa yenye kheri na usingizi mwema. Amin.