Nyumba ya Tilehurst na Boma la Mbuyuni



Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akiisha kuipita Mikumi na kuingia katika bonde la mto Ruaha Mkuu, huiona mibuyu kwanza, kisha ndipo awaone watu. Hapo ni Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, kabla barabara haijaanza kuupanda mlima Kitonga. Vitunguu hupangwa kando ya lami, na basi halijasimama sawasawa vijana wameshainua mifuko yao hadi madirishani. Usiku wa kimya haupo. Malori yaendayo Zambia na Kongo huvuma hadi alfajiri, na yale yaliyoshuka Kitonga hufika yakinuka breki. Dada yangu anaishi hapo tangu alipoolewa. Nyuma ya nyumba yake ndogo lipo boma la vyumba vitatu, la matofali ya kuchoma, lililofika usawa wa kuezekwa likakomea hapo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 halijaongezewa hata msumari.

Fedha za boma hilo zilikuwa zikitumwa na mwanawe, yaani mpwa wangu, ambaye ni muuguzi nchini Uingereza. Majirani wanajua jambo moja tu juu yake, nao hulisema waziwazi: "Kijana amenunua nyumba Ulaya, mama yake amemwachia kuta." Wengine huongeza kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nimeyasikia hayo dukani kwa masikio yangu, nami nikanunua sabuni yangu nikaondoka. Kunyamaza kwangu siku ile ndiko kunakonifanya niandike wiki hii, kwa maana sababu ya boma kusimama nilikuwa naijua.

Oktoba 2023 nilikwenda kumtembelea mpwa wangu huyo. Nyumba yake ipo Tilehurst, upande wa magharibi wa mji wa Reading, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka London. Tilehurst ni mahali pa mwinuko, na jina lake katika Kiingereza cha kale lina maana ya kilima chenye miti ambapo vigae hutengenezwa. Udongo wa mfinyanzi wa kilima hicho ulifyatuliwa vigae na matofali kwa miaka mingi, hadi katika karne ya 20. Nilipoziona zile kuta nyekundu, zimejipanga mtaa mzima, nilikumbuka matanuri yetu ya matofali yanavyofuka moshi wakati wa kiangazi, nikajihisi kwa kitambo kidogo si mgeni sana.

Kitambo hicho hakikudumu. Tulifika saa moja jioni, na mtaani hapakuwa na mtu. Taa zilikuwa zikiwaka, magari yameegeshwa, ua wa kila nyumba umekatwa sawa kama kwa rula, lakini hapakusikika sauti ya mtoto wala redio. Nilimwuliza mpwa wangu kama kuna msiba. Alicheka, kisha akaniashiria niteremshe sauti. Nyumba hizo hujengwa mbili mbili, pacha, na ukuta wa katikati ni wa watu wawili. Ipo hata sheria yake, ya mwaka 1996: ukitaka kufanya kazi kubwa katika ukuta huo, sharti umpe jirani taarifa ya maandishi. Basi hata kuibariki nyumba, ambako ndiko hasa nilikoitiwa, nilikufanya kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kubariki kitu chochote maishani mwangu. Wimbo tuliuimba kama watu wanaombembeleza mtoto.

Upande wa pili wa ukuta anaishi mzee mmoja mjane. Kwa miaka miwili ya ujirani, yeye na mpwa wangu hawakuwa wameingiliana majumbani hata mara moja. Niliona ni jambo la kusikitisha, nikasema hivyo. Mpwa wangu akanisimulia kwamba baridi moja aliugua homa akiwa peke yake, mkewe na binti yao wamesafiri. Siku ya pili yule mzee aligonga mlango: alikuwa ameona mapazia hayajafunguliwa, na pipa la taka halijatolewa siku ya zamu yake. Hakuingia ndani. Aliacha supu kizingitini, akalitoa lile pipa, na tangu hapo asipoliona pipa nje kufikia saa mbili asubuhi hulitoa mwenyewe. Sisi wa Mbuyuni hujuliana hali kwa salamu. "Kamwene" moja yaweza kuchukua robo saa. Wale hujuliana hali kwa mapazia. Sisemi ipi ni bora, ingawa moyo wangu unajua unakoegemea.

Kununua nyumba huko ni jambo la karatasi kuliko la maneno. Muuzaji na mnunuzi wakiisha kukubaliana bei, makubaliano hayo bado hayamfungi mtu. Mpaka siku mawakili wanapobadilishana mikataba, kila mmoja aweza kujitoa, na muuzaji aweza kumpa mwingine aliyeongeza dau. Mpwa wangu alipoteza nyumba mbili kwa namna hiyo, pamoja na ada za wakaguzi aliokuwa ameshawalipa. Ya tatu ndiyo hii, ya vyumba viwili vya kulala, kwa pauni 300,000, mwaka 2021. Alitoa 30,000 alizoziweka kwa miaka tisa ya zamu za usiku, na 270,000 akakopeshwa, azilipe kwa miaka 25. Kisha jina lake likaandikwa katika daftari la ardhi la taifa, lililoanzishwa mwaka 1862, ambalo mtu yeyote akilipa ada ndogo aweza kulisoma na kuona nani anamiliki nini. Jambo moja lilinifurahisha: ramani ya hati ile, kwa kawaida, huonyesha mpaka wa jumla tu, si mstari kamili. Kumbe na Waingereza nao, ukiwabana sana, watakuambia mpaka upo hapo hapo penye ua.

Wala milango hiyo haikuwa wazi siku zote. Mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipokataza, mwenye nyumba Uingereza aliweza kukataa kumuuzia au kumpangisha mtu kwa sababu ya rangi yake, na sheria isimguse. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ilitangaza katika gazeti la huko Uganda kuwaonya wasije kwake. Walikwenda hata hivyo, wengi wao, wakanunua nyumba kuukuu za mitaa ya Belgrave, na leo mitaa hiyo inajulikana kwa maduka yao. Mpwa wangu aliulizwa mshahara, madeni, na kibali chake cha kukaa. Nani baba yake, hakuna aliyeuliza.

Usiku wa tatu, mkewe akiwa amelala, alinionyesha barua ya mkopo. Riba yake ilikuwa imefungwa kwa miaka miwili ya kwanza tu. Desemba 2021 riba ya msingi ya benki kuu ya Uingereza ilikuwa imetoka asilimia 0.1, kufikia Agosti 2023 ilikuwa asilimia 5.25. Miaka miwili yake ikaisha wakati huo huo. Malipo ya mwezi yakapanda kutoka pauni 1,180 hadi 1,620. Tofauti hiyo, alisema, ndiyo ilikuwa fedha ya boma la mama, pamoja na chakula kidogo. Akaongeza zamu, bado hazikutosha. "Mjomba," akaniambia, "mama usimwambie. Atauza vitunguu anitumie mimi." Nikaahidi. Nikafikiri natunza siri ya kijana, kumbe nilikuwa namwacha asemwe.

Lakini hilo la fedha lilikuwa dogo mbele ya lile lililonijia mwezi uliopita.

Dada alikuwa ameamua kuipimisha ardhi yake na kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Ni uamuzi wa busara. Bonde la vitunguu lina thamani, na mipaka ya mdomo imekwisha kuwagombanisha wengi. Nilimsindikiza katika ofisi ya kijiji. Alipotakiwa kutaja wamiliki, alijitaja yeye, kisha binti yake aliye Ilula, kisha mwanawe wa Uingereza. Ofisa, kijana mpole, akaomba namba za vitambulisho vya taifa. Dada akanitazama mimi.

Mpwa wangu alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2019. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyeupokea wa pili huupoteza wa kwanza, hata kama hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza. Na ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na asiye raia hapewi hakimiliki ya kimila. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ili wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine waweze kuomba hadhi maalumu, na suala la ardhi likaguswa humo. Lakini hadhi ile huombwa, na yeye hakuwa ameiomba. Siku ile, mbele ya meza ile, yule aliyelipia matofali ya boma alikuwa mgeni. Huko Tilehurst, ambako ukuta wake mmoja ni wa mwingine na miaka ishirini ya deni ingali mbele yake, jina lake limo daftarini.

Hapo nilishindwa kutimiza ahadi. Tulikaa chini ya mbuyu ulio nje ya ofisi, nikamweleza dada kila kitu: barua ya riba, zamu za ziada, pasipoti. Nilitazamia machozi. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nyumba ile bado si yake?" Nikasema ni yake, ila benki yaweza kuichukua akishindwa kulipa. Akakaa kimya kwa muda, lori likapita, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa namlaumu kwa mabati."

Akarudi ndani, akaandikisha jina lake na la binti yake. Jioni alimpigia simu mwanawe. Sikusikia yote, kwa kuwa nilijitenga, lakini nilisikia akimwagiza aulize habari za hiyo hadhi maalumu mapema, na akimkataza kutuma fedha ya bati mpaka amwambie. Kijana alikuwa akinong'ona, maana kwao mzee wa ng'ambo ya ukuta alikuwa huenda amelala. Dada akawa anapaza sauti zaidi na zaidi, akidhani simu ni mbovu.

Kesho yake tulilizunguka boma kwa kamba ya kupimia. Yanahitajika mabati hamsini na sita. Dada ana fedha ya kumi na tisa kutokana na vitunguu vya msimu huu, naye ameamua kuanza na chumba cha upande wa barabarani.