Kichupa cha Dirishani

Kaka yangu alipigana vita vya Kagera. Mwaka 1979 alifika mpaka Kampala, akarudi Iringa mzima. Hakuwa mtu wa kuogopa. Lakini uzeeni, alipoona damu kwenye choo kikubwa, alinyamaza. Alijiambia ni bawasiri, akanywa mizizi kwa miaka miwili. Siku aliyonieleza, saratani ya utumbo mpana ilikwisha fika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mvua za masika.

Mimi pia ni askari mstaafu, naishi Mbeya. Mwaka uliofuata binti yake, ambaye ni muuguzi, alinitembelea akiwa na kichupa chenye kijiti kifuniko chake.

"Baba mdogo," alisema, "utachokoa kinyesi kidogo tu kwa kijiti hiki, ukirudishe, ufunge. Mimi nitakipeleka maabara."

Alinieleza kwamba vivimbe vya utumbo huweza kuvuja damu kidogo isiyoonekana kwa macho, na kwamba vingi huchukua miaka kabla ya kugeuka saratani. Vikigunduliwa mapema, hukatwa na mtu akapona. Huko Marekani, hospitali za wanajeshi wastaafu huwapelekea wazee wao vipimo vya namna hii kwa posta, wakajipima nyumbani.

Kichupa kilikaa dirishani siku tatu. Niliona haya. Mimi niliyechimba vyoo vya kambi na kulala handakini, nilishindwa na kijiti! Siku ya nne, alfajiri, nilifanya. Haikuchukua dakika tano.

Majibu yalisema hakuna damu. Binti akanionya nisijisahau: kipimo hicho hurudiwa kila mwaka, maana kivimbe kisichovuja siku hiyo chaweza kupita. Kikionyesha damu, si lazima iwe saratani, ila ni lazima utumbo uchunguliwe kwa kamera. Na anayeona damu kwa macho yake asingoje kichupa, aende hospitali.

Nilimshukuru, kisha nikatoka nje nikalia. Dakika tano, na kaka yangu alikuwa na miaka miwili.

Siku hizi tukikutana wastaafu, tukishamaliza habari za mafao na za waliotangulia, huwauliza wenzangu juu ya choo. Kwanza hucheka. Halafu mmoja hubaki nyuma, akanivuta pembeni, akaanza kusema kwa sauti ya chini.