Jasho la Bure

Nina daftari la kurasa 200. Riwaya yangu imekwama ukurasa wa 41. Ngoja nikwambie kwa nini.

Tangu nimalize kidato cha nne nacheza EVE Online, mchezo wa kompyuta wa meli za angani uliotoka Iceland mwaka 2003. Ngazi ya chini ni bure. Ukitaka mchezo mzima unalipa kila mwezi, na mimi dola nitazitoa wapi? Mshikaji wangu akanionyesha njia. Kuna kitu kinaitwa PLEX. Mwenye hela zake anakinunua kwa dola, halafu anakiuza sokoni mle mle mchezoni. Wewe usiye nazo unakinunua kwa ISK, fedha ya mchezo, unakigeuza kuwa siku za kucheza. Nikajisemea, basi nimepata cha bure!

Kumbe bure nayo ina jasho lake. Bei ya PLEX inapangwa sokoni na wachezaji wenyewe. Wanaoitaka wakizidi, inapanda. Nikawa nachimba mawe angani kila usiku huku nahesabu siku zilizobaki. Yaani nacheza ili nipate ruhusa ya kucheza! Mama akiuliza, "Mwanangu, hiyo kazi mshahara wake lini?" nacheka tu.

Halafu nikasikia kisa cha Julai 2010. Enzi hizo PLEX moja ilikuwa siku 30, na ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kusafirishwa melini. Mchezaji mmoja akapakia 74 kwenye kimeli kidogo. Karibu na Jita, soko kuu, wenzake wakamlipua. Zote zikateketea, mali ya zaidi ya dola 1,000. Wengi walicheka. Mimi nikapiga hesabu: siku 2,220. Miaka sita na zaidi, puu!

Nikalitazama daftari langu. Mimi hakuna aliyenilipua. Usiku wangu niliuuza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mtu nisiyemjua ambaye labda alikuwa amelala.

Sisemi biashara hii ni wizi. Mwenye dola kaokoa muda, mwenye muda kaokoa dola. Ila sisi tusio na kazi tunadhani muda wetu hauna bei, ndiyo maana tunauachia kwa bei yoyote.

Mwezi huu siku zangu zimekwisha, sijanunua nyingine. Jana nimefika ukurasa wa 43. Nusu yake nimeifuta.