Nafsi ya Pili

Katika Kiswahili, nafsi hubebwa na silabi moja. "Unataka" ni wewe, "ninataka" ni mimi. Darasani jambo hili humalizwa kwa jedwali moja. Nyumbani kwa mama mdogo, hapa Buyenzi, limechukua miaka.

Mwanawe wa miaka sita ana usonji. Akishikwa na kiu husema, "Unataka maji?" Mgeni hudhani anakaribishwa. Mama yake huleta kikombe. Mtoto hurudia swali zima kama alivyolisikia, kwa sababu kila liliposemwa, maji yalikuja. Daktari Leo Kanner alieleza jambo kama hili nchini Marekani mwaka 1943, katika makala yake kuhusu watoto 11: baadhi yao walirudia maneno ya wengine na kujiita "wewe". Kwa hiyo mwangwi huu si upuuzi. Mara nyingi una haja ndani yake.

Buyenzi ni mtaa wa Kiswahili, lakini Kirundi kiko kila mahali na Kifaransa kinatungoja shuleni. Mtu mmoja aliyeombwa ushauri alimwambia mama mdogo amsemeshe mtoto Kifaransa peke yake, asije akamchanganya. Mama mdogo anauza vitenge, na Kifaransa anachokijua ni cha kutaja bei. Nyumba ikawa kimya. Hadithi za usiku zikakoma. Mtoto anayejifunza kwa kurudia akakosa cha kurudia.

Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili huwachelewesha zaidi. Kumnyima mtoto lugha ya mama yake, basi, ni kumnyima mama mwenyewe.

Sasa mama mdogo amerudi kwenye Kiswahili. Haulizi tena. Akimwona mtoto anatazama mtungi, humsemea kwa nafsi ya kwanza: "Nataka maji," kisha humpa. Kwa maji bado ni "unataka". Kwa embe, tangu mwezi uliopita, ni "nataka".

Majirani hulalamika kwamba ukimwambia "Hujambo?" naye hujibu "Hujambo?", na huona hana adabu. Wenzangu tunaosoma lugha, tuwe wa kwanza kumjibu "Sijambo". Amekwisha kutusalimu.